Kikohozi cha Biubwa

Siku Nesi Apolonia alipouliza nani atamsemea Biubwa, mimi nilikuwa na kipande cha kashata mdomoni na sikuwa tayari kupewa cheo chochote. Nilimsindikiza tu mgonjwa kliniki, Kilindoni, mji wa kisiwa chetu, kama nilivyokuwa nikifanya tangu miguu yake ianze kuvimba. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono kwenye ngazi na kumtukana njiani asichoke kutembea.

Apolonia ni mtu wa Bukoba, ana sauti ya taratibu, na hana haraka ya kuinuka kitini. Alivuta kiti chake karibu.

"Bibi, moyo wako umechoka," alimwambia Biubwa. "Dawa zitausaidia, lakini hautarudi kuwa wa msichana. Ipo siku utazidiwa, na huenda siku hiyo ukashindwa kusema unataka nini. Ndiyo maana nakuuliza leo, ungali na sauti. Nani atakusemea?"

Nilimpenda palepale. Mimi nawachukia watu wanaomwambia mgonjwa "utapona tu" huku macho yao yako mlangoni.

Biubwa hakufikiri. Alininyooshea kidole bila hata kugeuza shingo.

"Huyu."

"Ni mdogo wako?"

"Mtani wangu."

Apolonia alinitazama, nami nikameza kashata nzimanzima ili nionekane mtu wa maana.

"Watoto unao, bibi?"

"Ninao wawili, Maliki na Swabaha. Wananipenda sana," alisema Biubwa. "Hiyo ndiyo taabu yao. Nikisema neno kufa, mmoja ananiambia nyamaza, mwingine analia. Mashavu huyu hajawahi kuninyamazisha. Wala kulia hajui, ana roho ngumu kama kifuu."

Ilibidi nimweleze nesi. Baba yangu na mama yake Biubwa ni wa tumbo moja, kwa hiyo sisi tumezaliwa watani, hatukuchagua. Naweza kumwita mwizi wa nazi mbele ya wakwe zake, naye hana ruhusa ya kununa. Na kwetu, mtu akifa, mtani wake huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akagomba kama yeye, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao yamo mashavuni. Mtoto akitaja kifo cha mama yake ni uchuro. Mtani akikitaja yuko kazini.

"Hata kwetu watani wapo," alisema Apolonia, akitabasamu. "Haya, bibi. Mtani wako aseme nini siku hiyo?"

Lo, mwenzangu alikuwa amejiandaa!

"Aseme sipandi ndege wala boti. Aseme sitaki mashine inipumulie. Dawa za hapa nitakunywa, hata ziwe chungu namna gani. Na kitanda changu kigeuzwe kielekee mlango, nimwone kila anayeingia mikono mitupu."

Nesi alicheka, lakini mimi nilijua hilo la boti limetoka wapi. Miaka mingi nyuma mumewe, Mzee Abdulhamidu, aliugua, na Maliki akampeleka Dar es Salaam. Alilazwa kwenye chumba ambacho ndugu walichungulia kwa kioo. Biubwa alikuwa kwenye boti ya kwenda Nyamisati, ng'ambo ya bara, njiani kumfuata, mzee alipokata roho. Alipofika alimkuta ameshavishwa sanda. Hakumlaumu mtu. Kila tulipokaa kusuka ukili wa mikeka, akifika mahali fulani pa hadithi hiyo, mikono yake ilisimama, nami nikajua nisiseme kitu mpaka ianze tena kusuka. Maliki naye, tangu siku ile, hajawahi kulitaja jina la baba yake mbele ya mama yake.

Basi tukarudi kijijini kwetu, Kiegeani, na mafunzo yakaanza.

Sikujua kwamba kumwiga mtu aliye hai, tena aliyekaa mbele yako akikutazama, ni kazi ngumu kiasi kile. Biubwa alikaa barazani na ukili wake, mimi nikapita uani na khanga yake na bakora yake.

"Unatembea kama bata," alisema.

"Nakuiga wewe."

"Mimi naburura mguu mmoja. Wewe unaburura yote miwili kama umeiba shuka. Rudi mlangoni."

Nikarudi. Kutembea nilikupata siku ya pili, na kugomba nilikuwa nakujua tangu utotoni. Kilichonishinda ni kikohozi. Biubwa alikuwa na kikohozi chake peke yake duniani: anakohoa kidogo, ananyamaza kama anasikiliza mlango, kisha anakohoa tena kwa nguvu na kumalizia "Aa!" kwa hasira, utadhani kikohozi ni mtu aliyemkatiza maneno. Mimi kila nikijaribu ile "Aa!" inanitoka mapema.

"Mimi sikohoi hivyo," alisema. "Anza upya."

Mpaka majirani wakawa wanakuja na vigoda vyao kutazama. Swabaha, bintiye, ambaye ndiye anayekaa naye, alikuwa akiingia ndani na kufunga mlango kwa kishindo. "Uchuro mtupu!" alipiga kelele kutoka jikoni. "Watu wazima hamna haya!" Na kweli hatukuwa nayo. Haya ni kwa watu wenye muda mwingi mbele yao.

Siku moja, majirani wameshaondoka, Biubwa alinipa na neno la Maliki. Alilisema polepole, macho kwenye ukili. Akaniambia, "Hili usilichezee. Ulitoe wakikataa kusikia mengine yote." Nikamwambia kwa nini asimwambie mwenyewe. Akasema kila akianza, Maliki anasema ana wateja dukani.

Sasa sikieni kosa letu. Sikukuu ya Idi, Maliki alikuja kutoka Dar, anakouza vipuri vya magari, amebeba mchele na kanzu mpya. Tulipomaliza kula, Biubwa akanikonyeza. Nikaingia ndani, nikavaa, nikatoka nikiburura mguu mmoja. Nyumba nzima iliangua kicheko. Nikasema yote, kwa sauti yake: ndege sipandi, mashine sitaki, kitanda kielekee mlango. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Maliki alitoa simu yake akanirekodi, akawatumia ndugu wa Zanzibar na wa Mombasa, nao wakajibu kwa vikaragosi vya kulia kwa kucheka.

"Mama mdogo, umeniua!" aliniambia Maliki, akijifuta macho.

"Umesikia lakini nilichosema?"

"Nimesikia! Hasa ile ya mikono mitupu!"

Biubwa akanitazama, nami nikamtazama. Tulidhani kicheko ndicho kitakachofungua masikio yao, kumbe kimeyaziba. Jioni nilikuwa na hasira hata pilau la kupeleka nyumbani nililisusa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Masika yalipoanza, Biubwa akazidiwa. Miguu ilivimba mpaka magotini na pumzi ikawa fupi, akawa halali ila kwa kukaa. Tulimpeleka hospitali, wakampunguza maji mwilini, uvimbe ukashuka kidogo. Kisha daktari na Apolonia wakawaita watoto, na mimi nikajiita. Wakasema wazi kwamba moyo umefika mwisho wa nguvu zake. Dar zipo mashine za kumsaidia kupumua, na familia ikitaka, rufaa itaandikwa. Moyo mpya haupo.

"Andikeni," alisema Maliki. Alikuwa amefika na ndege ya asubuhi, shati limemkunjamana.

"Kaka Maliki," Apolonia alisema, "mama yako alizungumza nami kabla hajafikia hali hii. Alisema anachotaka, na alimchagua Bi Mashavu amsemee."

"Bi Mashavu? Huyu mtani?"

"Huyuhuyu," nilisema. "Na nasema hapandi ndege. Anataka kitanda chake."

Maliki alinigeukia. Si mtoto mbaya, jamani. Nimembeba mgongoni huyu, na meno yake ya kwanza yaling'oka akiuma muwa wangu. Lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu anayefukuzwa.

"Mama mdogo," alisema, "leo si siku ya utani."

Hapo nikaona shimo nililojichimbia. Maisha yangu yote nimesema upuuzi mbele ya watu hawa. Nimewaambia watoto kwamba mama yao ana mkia. Nimemwambia mkwe wake kwamba Biubwa aliolewa kwa sababu mposaji alikosea nyumba. Sasa nina neno moja la kweli mkononi, na hakuna anayelipokea. Nilisema tena, nikala kiapo, nikapaza sauti. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo nilivyozidi kuonekana kichekesho.

Tulimrudisha Kiegeani mchana ule kukusanya nguo zake, maana ndege ya jioni ilikuwa imeshapatikana. Apolonia alikuja nasi amshike njiani. Biubwa alilazwa kwenye kitanda chake, mito imepangwa mgongoni, macho nusu yamefumba. Kusema alikuwa hawezi, pumzi haimtoshi. Swabaha alikuwa akikunja nguo na kuzikunjua, huku machozi yanadondokea humo humo. Maliki alisimama uani na simu, akimsihi mtu wa bajaji awahi.

Nilikaa barazani. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba mwenzangu ataamka chumba cha kioo, atazame huku na huku, asinione, na atajua kwamba nilikuwa nacheza tu siku zote. Hilo lilinichoma kuliko kifo chenyewe. Nikainuka. Khanga yake ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, bakora yake imeegemea ukuta. Nikajifunga khanga, nikashika bakora, nikaingia chumbani nikiburura mguu mmoja, na nikakohoa.

Swabaha alipiga ukelele, nguo zikamwanguka. Maliki aliingia mbio kutoka uani.

"Vua nguo za mama!" alisema. "Vua! Mama yangu hajafa!"

"Sijafa, ndiyo," nilisema kwa sauti ya Biubwa. "Ndiyo maana nasema."

Alinijia akanishika khanga begani, na nadhani angenivua kweli. Basi tukasikia kitu kutoka kitandani. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayesugua sufuria chumba cha pili. Wote tukageuka.

Biubwa alikuwa amefumbua macho. Ananitazama mimi.

"Mashavu," alisema. Akavuta pumzi. "Mimi sikohoi hivyo."

Akavuta pumzi nyingine. "Anza upya."

Maliki aliachia khanga. Mimi nilitoka mpaka kizingitini, nikageuka, nikaingia tena. Nikakohoa kidogo. Nikanyamaza, nikasikiliza mlango. Nikakohoa kwa nguvu, na ile "Aa!" ikatoka pale hasa inapotakiwa kutoka. Biubwa akafumba macho na kutikisa kichwa kwamba ndiyo, na Nesi Apolonia, aliyekuwa amesimama pembeni, akafunika mdomo kwa mkono.

"Ndege sipandi," nilisema. Kidole cha Biubwa kikainuka juu ya shuka, kikashuka. "Mashine ya kunipumulia sitaki." Kidole kikainuka. "Kitanda changu kielekee mlango." Kidole. "Na watu wasininong'onee kichwani kama nimeiba. Waseme kwa sauti, nisikie umbea." Hili la mwisho nililiongeza mimi, nikamtazama kwa wasiwasi. Kidole kikainuka kuliko mara zote.

Maliki alikaa chini, sakafuni, palepale alipokuwa.

"Mama, nikikuacha hapa watasema nimekutupa," alisema. Hakuwa akisema na mimi. "Nitasema mwenyewe. Baba nilimpeleka nikachelewa. Wewe nisikupeleke kabisa?"

Kumbe ndilo hilo. Miaka yote ile amelibeba, na sisi tunamwona mtu wa vipuri. Nikajua saa ya lile neno imefika. Nikaketi kitandani miguuni pa Biubwa, nikiwa bado na khanga yake, na nikalisema kama alivyolisema yeye, polepole, macho yangu yako chini.

"Maliki. Baba yako hukumpeleka kufa, ulimpeleka kupona. Hukuchelewa wala hukukosa. Nilitaka kukuambia siku ile ile, lakini kila nikitaja mauti unaniambia nyamaza, mama, utaishi. Sasa nimepata mtu wa kunisemea. Yule alikufa nami niko njiani. Mimi nataka nife nanyi mko humu ndani. Basi. Sina lingine ninalokuomba."

Nilipoinua macho, Biubwa alikuwa amenyoosha mkono, na kiganja kimefunguka, kinamngojea mwanawe. Maliki alikwenda kwa magoti kama mtoto, akakiweka usoni pake, akalia kwa sauti. Swabaha akalia. Nikaona hata mimi uso wangu umelowa, nikamshukuru Mungu kwamba nimevaa khanga ya mtu mwingine, nikajifutia hiyo.

Bajaji ilifika na kupiga honi. Swabaha akatoka, akaiambia irudi.

Apolonia alikaa nasi mpaka alasiri. Alimwonyesha Swabaha namna ya kupanga mito, na wakati gani wa dawa za kutoa maji. Akaeleza dawa nyingine ya kunywa, ya kutuliza pumzi inapobana, ambayo angeileta mwenyewe. Maliki alimuuliza mambo mengi, na yeye akajibu yote. Kisha tukageuza kitanda. Kilikuwa kizito, cha mninga, na Maliki akabana kidole chake, akaguta. Biubwa akacheka. Kicheko kilimgharimu pumzi nyingi, lakini alicheka.

Mwenyezi Mungu akampa muda ambao hata Apolonia hakuutarajia. Maliki alimwachia mwenzake duka akabaki Kiegeani. Aliyekuwa hataki kusikia neno kufa akawa anakaa kando ya kitanda wakizungumzia baba yake, alivyokuwa akipika pweza mgumu kama kandambili na kuwalazimisha wasifu. Watu waliingia mlangoni na Biubwa akawaangalia mikono. Mwenye mafenesi alikaribishwa, na mwenye pole tupu aliulizwa mafenesi yako wapi. Umbea ulisemwa kwa sauti. Sijawahi kucheka katika nyumba yoyote kama nilivyocheka katika nyumba ile ya mgonjwa.

Alikwenda asubuhi moja, mvua imekatika, baada ya uji. Swabaha alikuwa amemshika mkono mmoja, Maliki amemshika mwingine akimsomea Yasini. Mimi nilikuwa miguuni. Hakutazama huku na huku akitutafuta. Alitazama mlangoni, akatutazama sisi, akatulia.

Wanawake walimwosha, wakamvisha sanda, na nyumba ikajaa mpaka uani. Walikuwa wakinitupia jicho, wakisubiri. Mtani ana zamu yake, na watu waliokuwa wakinitazama na vigoda vyao walijua ninaweza. Lakini mimi nilikaa pembeni mwa jiko, nikachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Roho yangu ngumu kama kifuu ilikuwa imepasuka vipande vipande. Ningemwiga vipi, na yeye hayupo kunikosoa?

Maliki akanifuata jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkono mmoja ameshika khanga, mkono mwingine ameshika bakora.

"Mama mdogo," alisema, "leo ndiyo siku ya utani."

Alinifunga ile khanga yeye mwenyewe, ovyo, kama wanaume wanavyofunga. Nikashika bakora. Nikatoka uani nikiburura mguu mmoja, na watu wakanipisha. Nikakohoa kidogo. Nikasikiliza mlango. Nikakohoa kwa nguvu, na machozi yakanipanda kooni, ile "Aa!" ikatoka mapema. Nikasimama katikati ya ua na bakora yangu, nikingoja, na chumbani kule kukawa kimya.

"Mama hakohoi hivyo," alisema Maliki nyuma yangu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Anza upya."

Nikarudi mlangoni.